Jina Asiloitwa

Alichokiona kwanza ni kiti. Kila jioni kaka yake, Wendell, alikiegemeza kiti cha bati cha barazani ukutani, kikainamisha kichwa, mvua isije ikatuama ndani. Ijumaa asubuhi Orlene alipofungua mlango alikikuta kimesimama wima, kimejaa maji, na jani la mwaloni likielea juu. Pikapu haikuwepo uani. Wendell alikuwa ameondoka jana yake kwenda mjini kuchukua dawa ya mama, na hakurudi.

Nyumba yao ilikuwa mwisho kabisa wa bonde, mahali simu za mkononi hazishiki, na ile ya waya ilikuwa imekatika tangu upepo ulipoangusha miti. Ndani, mama yao Verdie alilala kitandani, amebaki mifupa na macho. Nesi alikuwa amemvuta Orlene pembeni akamwambia bila kuzunguka: kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe sasa.

"Wendell karudi?" mama aliuliza.

"Bado, Mama."

"Mwambie dawa aiache huko huko, haina kazi tena. Aje yeye. Nina neno naye."

Shangazi Oma, aliyekaa nyumba ya chini yao, alipanda kuja kukaa na mgonjwa. Orlene akachukua gari kuukuu la mama. Karibu na daraja aliiona pikapu ya Wendell kando ya barabara, milango imefungwa, haina hata mkwaruzo. Mwenye kituo cha mafuta cha hapo jirani alikuwa akifagia nje.

"Gari likiachwa hivyo na mwenyewe haonekani," alisema, "hajatekwa na malaika huyo. Ni polisi wa kaunti. Nenda ukaangalie dirishani, binti."

Katika Kaunti ya Tolliver orodha ya waliokamatwa hubandikwa kila asubuhi kwenye dirisha la jela, nyuma ya mahakama, asome anayetaka. Na wanaotaka hawakosekani. Bi. Delphia Stamper, mpiga kinanda wa kanisani kwao, alikuwa pale na kikombe chake cha kahawa, ingawa hakuwa na mtu wa kumtafuta.

"Huyu Stamper wa bangi si wetu," alikuwa akimwambia mzee mmoja mwenye kofia. "Ni wa ng'ambo ya mto."

"Kila Stamper akikamatwa huwa wa ng'ambo ya mto," mzee akajibu. "Huko ng'ambo mtakuja kukosa pa kukaa."

"Na wewe shemeji yako umemsoma? Namba saba. Au nikusomee?"

Orlene alisimama nyuma yao. Shule aliiacha mapema, baba yao alipoumia machimboni, na kusoma kwake kulikuwa kwa kufuata mstari kwa kidole. Nyumbani haikuwa taabu. Lakini kuinua kidole mbele ya Bi. Delphia, kulikokota neno moja moja kwenye kioo kama mtoto! Alijifanya ameshasoma, akasogea kwenye dirisha la karani.

Karani alikuwa msichana mgeni, aliyetoka mji mkubwa wa kaskazini.

"Jina?"

"Wendell Tackett."

"Ongeza sauti, dada."

Akaongeza. Nyuma yake mazungumzo yakakatika, kama redio iliyozimwa.

Msichana alitazama kompyuta yake. "Sina Wendell. Tackett ninaye mmoja tu, Elbert. Kaingia jana jioni. Ni wako?"

Kina Tackett katika kaunti ile walikuwa wengi kama mawe ya kijito, wengine hata hawasalimiani. Huyo Elbert, Orlene hakumjua. "Hapana," alisema.

"Nina picha yake hapa. Nikugeuzie uone? Ni mara moja tu."

Bi. Delphia alikuwa ameshasogea, shingo mbele, kikombe kimetulia mkononi. Yeyote ambaye angetokea kwenye kioo kile, kwaya nzima ingempata kabla ya chakula cha mchana. Orlene alirudi nyuma hatua moja.

"Hapana, asante," alisema. "Samahani kwa kukusumbua."

Alipogeuka, Bi. Delphia alimgusa bega. "Mama anaendeleaje, mwanangu?"

"Hajambo," Orlene akasema, na akatembea mpaka garini bila kuinua macho.

Mama alimsubiri akiwa macho. "Yuko jela?"

"Hayuko, Mama. Nimeuliza."

"Afadhali." Uso wa mgonjwa ulilegea kidogo. Halafu ukakunjamana tena. "Sasa kama hayuko jela, yuko wapi?"

Orlene alimnyooshea shuka. Habari ya Elbert hakuitaja. Elbert wa watu angewahusu nini? Jumamosi alizunguka hospitali, akazunguka kambi ya wakata magogo alikofanya kazi Wendell, akapita hata kwa mwanamke aliyekuwa na urafiki naye zamani, ambaye alimjibu mlangoni, "Akipatikana mwambie blanketi langu pia lipatikane." Mama alikataa supu, akakataa mkate wa mahindi uliolowekwa kwenye maziwa. Kila gari liliponguruma chini bondeni alifungua macho, likipita aliyafumba. Jumapili, watu wakiwa kanisani, yalifumbika yakakaa hivyo.

Jumatatu Orlene na Shangazi Oma walikaa mbele ya meza ya Bwana Hobart Crace, mwenye nyumba ya mazishi. Alikuwa akiandika tanzia ya gazetini.

"Ameacha watoto?"

"Wawili," Shangazi Oma akasema. "Orlene huyu, na Elbert Wendell."

Kalamu ikaendelea kuandika. Orlene alimgeukia shangazi yake. "Nani?"

"Kaka yako."

"Elbert?"

"Hukujua? Ni jina la babu yenu, huyo mliyemjua kama Pink. Kina Tackett mtoto wa kwanza wa kiume lazima alibebe, apende asipende. Ila nani atamwita kichanga jina la mzee mwenye ndevu? Wakalitumia kwenye cheti, nyumbani wakamwita la pili." Shangazi Oma alicheka kidogo. "Huku nani anaitwa lake la kwanza? Hata mimi ukinitafuta kwa Oma serikalini hunipati. Mimi ni Mahala. Na mama yako kwenye jiwe ataandikwa Lucinda, utaona watu watakavyouliza amezikwa nani..."

Akauona uso wa Orlene.

"Kuna nini, mwanangu?"

Orlene alikuwa ameshasimama. Barua zilizokuja kwa E. W. Tackett alizipokea yeye miaka yote, akaziweka juu ya friji, na hata siku moja hakuuliza ile E ni ya nini.

Karani alikuwa yuleyule. Safari hii Orlene hakungoja kuulizwa.

"Nigeuzie picha ya Elbert Tackett."

Alikuwa Wendell, nywele timutimu, mdomo umefunguka nusu kama mtu aliyekatizwa akiwa anajieleza.

Walimleta upande wa pili wa kioo. Alikuwa ameshaanza kuongea kabla mkono wa simu haujafika sikioni.

"...taa ya nyuma, Orlene. Taa tu. Waliniita mahakamani kiangazi kilichopita, nikasahau, ndiyo wakanikamata. Hakimu anakuja kesho, nitatoka. Unajua asubuhi wanaita majina? Wakaita Elbert, nikakaa kimya, nikasema moyoni huyo Elbert ni kiziwi. Kumbe mimi. Wakadhani nimelewa." Alikuwa akitabasamu. "Dawa ya Mama wameifungia kabatini pamoja na mkanda wangu. Anaendeleaje?"

Alimwambia. Wendell aliuweka mkono wa simu juu ya ubao, taratibu, akatazama viganja vyake. Baadaye akauinua tena.

"Lini?"

"Jana. Wakati wa ibada."

"Aliniulizia?"

Angeweza kudanganya. Hapakuwa na mtu wa kumkanusha. "Mpaka mwisho."

"Kila aliyetoka humu nilimtuma apite nyumbani. Wakaitikia, wakaenda zao. Nikasema haidhuru, Orlene atakuja kuuliza. Mimi namjua Orlene."

"Nilikuja."

Aliinua macho.

"Ijumaa," Orlene akasema. "Nilisimama hapo nje. Karani akaniambia yupo Tackett mmoja, Elbert. Akasema ana picha, anigeuzie nione. Nikakataa."

"Ukakataa kuona picha? Kwa nini?"

Watu wengine walikuwa kwenye viti vya jirani, kila mmoja na kioo chake, na mmoja wao alikuwa amegeuza kichwa. Orlene alimwona, akaendelea.

"Kwa sababu naogopa watu, Wendell. Tangu nilipopata akili naogopa watu. Na Ijumaa niliwaogopa kuliko nilivyokutafuta."