Kasha Limelala Pazuri

Jumatatu asubuhi mhariri wa video za harusi alipima meza yake kwa futi kamba, kisha akapima chumba cha shangazi yake. Chumba kilikuwa na dirisha la upande wa barabara, soketi mbili nzima na hewa nzuri. Kompyuta aliyokuwa akiipangia, ya kwanza kubwa maishani mwake, ilihitaji vyote hivyo.

"Shangazi, naomba ukae koridoni kidogo," alisema. "Nikishaiunga tu, naihamishia sebuleni, wewe unarudi kwako."

"Ni ya kazi?"

"Ya kazi."

Ilikuwa ya kazi na ya gemu. La gemu hakulitaja. Shangazi, aliyemlea tangu ana miaka minne, alibeba mto wake mwenyewe. Pale dirishani ndipo alipokuwa akipokea habari za mtaa: nani kaoa, nani karudishwa kwao, nani kanenepa ghafla. Koridoni hakukuwa na dirisha.

Kasha la kompyuta lilifika tupu, lina ubavu wa kioo. Mhariri aliliweka chumbani, akaanza kuandika orodha ya vifaa. Alichagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kesho yake akasoma kwamba nyingine kali zaidi iko njiani, akafuta. Siku hiyo korido ilirefuka hatua mbili.

Mkewe aligundua akifagia. "Korido imeongezeka," alisema, akaendelea kufagia.

Alipobadilisha kadi ya picha, ziliongezeka hatua nne. Kadi mpya haikuenea kwenye kasha, akaagiza kasha jingine. Hatua kumi na moja. Kwa nje nyumba ilibaki ile ile na ukuta wa jirani haukuguswa, kwa hiyo hakukuwa na ugomvi. Kitanda cha shangazi kilikuwa mwisho kabisa, na mwisho ulisogea nacho. Chai ilimfikia imepoa, wakanunua chupa ya chai. Jirani mwenye maumivu ya kiuno aliwekewa kigoda katikati, apumzike akienda kumsalimia.

"Kwa shangazi yako siku hizi ni safari," jirani alimwambia mhariri. "Na kile chumba kina nini?"

"Kasha."

"Basi kasha limelala pazuri."

Mhariri alicheka, akarudi kwenye orodha yake.

Mwezi wa tano aliacha kubadilisha. Aliunga mashine Jumamosi baada ya chakula cha mchana, ikawaka mara ya kwanza. Video ya harusi iliyohitaji kazi ya siku mbili ilikamilika kwa saa moja. Akafungua gemu. Feni hazikusikika, na upepo wa dirishani ulimpiga mgongoni vizuri. Wapita njia walichungulia, wakamwulizia shangazi. Akawajibu kwamba yupo.

"Imekwisha?" mkewe aliuliza mlangoni.

"Imekwisha."

"Mwambie basi."

Alichukua chupa ya chai, akatembea. Alipita kigoda, akapita mahali taa ya sebuleni isipofika. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vipi mashine, tayari?"

Mhariri alimimina chai, akaangalia kikombe kinavyojaa.

"Bado kidogo."

"Usijiumize na kazi," shangazi alisema, akamsogezea nafasi. "Kaa kwanza, upumue. Umetoka mbali."

Alikaa. Hakukaa sana. Kurudi kulimchukua muda mrefu kuliko kwenda, na alipofika chumbani, gemu ilikuwa ikimsubiri pale alipoiachia.