Mpira Uliokuwa wa Kelvin

Dalton Guidry alikuwa mrushaji wa timu ya shule ya Belmarais, huko Louisiana, na katika mpira wa Kimarekani mrushaji hutumia macho kabla ya mkono. Kocha Fontenot alikuwa amemkaririsha jambo moja hadi likamwingia damuni: mchezo ukianza, usiwakodolee macho wapokeaji wako, mtazame beki wa mwisho. Akigeuzia bega kulia, tupa kushoto. Akiligeuzia kushoto, tupa kulia. Hakuna beki anayeweza kuwa pande zote mbili.

Kulia alikimbia binamu yake, Remy. Kushoto alikimbia Kelvin Batiste. Mama yake Remy, shangazi Odette, ndiye aliyemlea Dalton tangu mama yake mzazi alipoondoka asirudi, na hakuwahi kumbagua kwa chakula wala kwa nguo.

Siku ya mechi ya mwisho ya msimu alikuja mtu wa chuo kikuu kuwatazama wapokeaji wote wawili. Nafasi ya kusomeshwa bure ilikuwa moja. Asubuhi shangazi alimpakulia Dalton uji mzito wa mahindi na soseji, akamwambia tu, "Mwanangu, leo umkumbuke ndugu yako."

Dakika ya mwisho, Belmarais wakiwa nyuma kwa pointi nne, Dalton alipewa mpira, akarudi nyuma kidogo, akamtazama beki. Bega likageukia kwa Remy, ambaye tayari alikuwa na mtu mwingine mgongoni. Upande wa pili Kelvin alikuwa peke yake, mkono juu, hana hata kivuli karibu. Dalton alimwona. Macho yao yalikutana kabisa.

Akatupa kwa Remy.

Remy aliruka katikati ya wale wawili, akaunyakua kwa ncha za vidole, Belmarais wakashinda, na watu wakavamia uwanja. Kocha alimkumbatia Dalton, akasema ule ulikuwa mrusho wa mtu mwenye moyo. Mgeni wa chuo akashuka moja kwa moja hadi kwa Remy. Kelvin naye alikuja, akampa Dalton mkono, akasema hongera.

Remy alipopata nafasi, shangazi alipika gumbo, ule mchuzi mzito wa nyama na samaki, ya mtaa mzima. Dalton aliizungusha kwa kijiko tu. Mama yake Kelvin, aliyekuwa akigawa wali, alimuuliza Dalton kwa upole, mwanawe huwa anakosea wapi hata mpira haumfikii. Dalton akajibu kwamba Kelvin hakosei. Mama yule akaendelea kugawa wali.

Kesho yake Dalton alipiga moyo konde, akamfuata Kelvin kwa mjomba wake, alikokuwa akitengeneza mitego ya kunasia kamba wa majini.

"Siku ile nilikuona," alisema.

"Najua. Na mimi nilikuona ukiniona."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Si tulishinda?" Kelvin aliendelea kukaza waya. "Ungekuwa umekosea, kaka, ningeshasahau. Lakini wewe hukosei. Hapo ndipo panaponiuma."

Dalton akaanza kuomba radhi, Kelvin akamkatiza.

"Usinitwishe mzigo wako. Kuna chuo kidogo kaskazini, mwezi wa tatu wanajaribu wachezaji. Nataka mtu wa kunirushia, na hapa hakuna anayerusha kama wewe. Ukitaka kunisaidia, njoo Jumapili."

Akaenda Jumapili hiyo, na zote zilizofuata, mara tu kanisa likitoka. Hawakupiga soga kama zamani. Siku ya majaribio Kelvin alidaka kila kitu, hata mipira iliyopinda kwa upepo. Walimu wa pale walimsifu sana, kisha wakamwambia anakaribishwa, ila ada ajilipie. Njia nzima ya kurudi aliegemea kioo cha gari, amelala au amejifanya amelala, na Dalton hakuthubutu kuwasha redio.

Kiangazi, Remy akaenda chuoni. Kelvin akapata kazi kwenye boti zinazopeleka vifaa kwenye mitambo ya mafuta baharini. Timu moja ya jirani ikamwita Dalton, naye akakataa. Shangazi Odette alimsihi amweleze sababu. Angemwambia nini? Kwamba mwanawe alibebwa, na kwamba neno moja la asubuhi ndilo lililombeba?

Akasema mkono umechoka. Shangazi akaenda kumtafutia dawa ya kuuchua, akaushika mkono ule usioumwa popote, akauchua taratibu, na Dalton akamwachia.