Viti Sita vya Sulaimani

Mwaka ule Wahindi walipofukuzwa Uganda na maduka yao kugawiwa, Sulaimani, sajini mstaafu asiyejua hata bei ya sindano, alipewa duka kubwa mjini Arua. Sifa yake ilikuwa moja: shemeji yake alikuwa meja. Nyuma ya stoo alikuta makasha yenye viti sita vya magurudumu, pamoja na kijitabu cha picha. Ndani yake mzee wa Kizungu mwenye tai, amefunikwa blanketi hadi kiunoni, anasukumwa na nesi kwenye sakafu inayong'aa kama sahani. Wote wawili wanatabasamu.

Sulaimani akaanza kutafuta mtu asiyetembea. Akaelekezwa kwa Zulaika, mshonaji wa Koboko, ambaye polio ilimlemaza miguu akiwa na miaka minne. Alimkuta sokoni juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Abiriga, fundi baiskeli mwenye banda nyuma ya kwa kinyozi, alikuwa amemuundia kwa fremu mbili kuukuu, akahamishia pedali juu ili azizungushe kwa mikono. Ilipiga kelele kama mashine ya kusaga, lakini ilimfikisha hadi kijiji cha Ludara na kumrudisha.

"Binti, hiyo chuma ficha," Sulaimani akasema. "Tunapiga picha ya tangazo. Wewe unakaa kwa kiti yangu, mimi nakupa moja bure."

"Nikae tu?"

"Kaa tu. Na uso iwe ya huzuni kidogo."

"Mbona kwenye kitabu chako wanacheka?"

"Hao ni Wazungu. Wewe iko mgonjwa."

Zulaika hakuwa mgonjwa. Wiki ile alikuwa ameshona sare arobaini za shule. Lakini kiti cha bure ni kiti, akakubali. Natale, mpiga picha, akamfunika blanketi saa saba mchana, jasho likimtiririka. Aminah, mke wa Sulaimani, akavikwa gauni jeupe na kofia awe nesi.

Baada ya siku chache tangazo likabandikwa hadi Koboko: MGONJWA WAKO HATAKUSUMBUA TENA. Zulaika, aliyesomea shule ya misheni kule Mvara, alilisoma mara mbili. Uso ulikuwa wake, lakini maneno yalimlenga yule aliyesimama nyuma ya kiti.

Siku ya soko Sulaimani akaja Koboko kukionyesha kiti mbele ya wakubwa wa wilaya. Zulaika akakaa, Aminah akasukuma. Magurudumu madogo ya mbele yakazama mchangani. Akasukuma tena, kiti kikainama, Zulaika nusura aanguke kifudifudi.

"Sukuma kwa nguvu," Sulaimani akanong'ona.

"Sukuma wewe," Aminah akajibu, akavua kofia ya unesi.

Zulaika akapaza sauti. "Mzee Sulaimani, aliyetengeneza kiti hiki alimuuliza nani? Maana mikono ninayo."

Akamwomba Abiriga amletee baiskeli. Akapanda, akazungusha pedali, akapita mbele ya wakubwa, akakata kona kwenye mabanda ya samaki, akarudi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mkubwa mmoja akauliza mtambo ule umetoka nchi gani. Alipoambiwa umetoka nyuma ya kwa kinyozi, hamu ikamwisha.

Sulaimani alibadilisha maneno tu: KITI CHA WAKUBWA. MKUBWA HATEMBEI, HUSUKUMWA. Katika wiki moja viti vitano vilinunuliwa na wanaume wenye miguu mizima, wakawa wanasukumwa na madereva wao kutoka barazani hadi mezani.

Cha sita Zulaika alikwenda kukidai mwenyewe dukani, akakaa mlangoni na baiskeli yake, wateja wasipate pa kupita, mpaka akapewa. Abiriga akakifungua boliti baada ya boliti.

"Beringi ni safi kabisa," akasema, akilizungusha gurudumu kwa kidole. "Bwana aliyekiunda alijua chuma. Watu ndio hakuwajua."

Kwa magurudumu yale makubwa wakamuundia baiskeli Paska, mwalimu wa Ludara, ambaye kwa miaka sita alibebwa mgongoni na kaka yake kwenda darasani. Paska alikuja kuichukua asubuhi ya Jumamosi. Hakungoja maelezo. Alizungusha pedali mara tatu, akashika mteremko wa msikitini, kuku na wauza mihogo wakitawanyika, kaka yake akikimbia nyuma mikono mitupu, na Zulaika akimfuata kwa baiskeli yake, akimwelekeza kwa sauti breki ilipo.