Kifurushi Kisicho na Kikomo

Fundi wa lifti aliwasha gari jipya, na kioo cha dashibodi kikamwarifu kwamba Wi-Fi ya majaribio inakaribia kwisha, achague kifurushi. Chini yake vilioneshwa vifaa vilivyounganishwa: simu yake, na simu ya mama yake, waliyomzika nayo mwaka jana. Mama mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma, mkanda ameufunga, akitazama video za ushonaji wa mapazia.

Kiguu na Njia, ndivyo alivyomwita mwanawe tangu utotoni, na mwana hakumwangusha. Siku mama anakata roho, yeye alikuwa akipaka grisi lifti ambayo haikulalamikiwa na mtu.

Alichagua kifurushi cha siku, maana mkono wake ni wa birika. Kabla ya adhuhuri mama akaweka simu mapajani.

"Mwanangu, siku ile nilikupigia, nikapiga tena..."

Kifurushi kikaisha. Kiti kikabaki kitupu, mkanda umefungwa vilevile.

Fundi akapiga huduma kwa wateja. Binti aliyepokea akauliza gari lina watumiaji wangapi. Akamjibu wako wawili, yeye na marehemu mama yake, na marehemu anapenda video. Binti akamshauri achukue kisicho na kikomo, kwani video zinakula kifurushi kama mchwa.

Mama akarudi. Furaha ilimjaa fundi, na aibu ikafuata nyuma yake.

"Ulisema uko njiani," mama akamalizia.

"Nilikuwa njiani, Mama."

"Haya, zima gari tukae."

"Nikizima injini, Wi-Fi inakatika."

Mama akawaza kidogo. "Basi endesha."

Akaendesha. Kazi zote zilikwisha, roho haikutulia, akawa anazunguka mitaa ileile. Jioni alipita mbele ya nyumba yake. Binti yake alikuwa amekaa kizingitini, viatu miguuni. Fundi hakusimamisha gari.

Mkewe akapiga, sauti ikatokea kwenye spika za gari: mtoto amegoma kula mpaka baba aje.

"Niko njiani," fundi akasema, na kweli alikuwa njiani.

"Mlishe mtoto, mkwe wangu," mama akasema kutoka nyuma.

"Shikamoo, Mama," mkewe akaamkia.

"Marahaba. Msimngoje. Mimi nilimngoja."

Fundi akawasha indiketa, akakata kona ileile.