Besi ya Boaz

Mlango wa Kavetsa ulikuwa umeonywa mara mbili. Mlango, si mwenyewe, kwa sababu katika ploti ya Waithaka, hapa Kawangware 46, mpangaji akikosea hafukuzwi. Waithaka ni mtu wa kanisa, hafukuzi mtu. Anang'oa mlango tu, anaubeba kwake, na kukuacha ulale ndani ya nyumba yako kwa amani, wewe na upepo na kila anayepita. Ukihama baada ya hapo, umehama kwa hiari yako.

Kosa lilikuwa kelele. Watu wanasahau kelele ilianza lini, lakini sisi wengine hatusahau. Ilianza siku wapangaji waliposimama uani na kuuliza kwa sauti kwa nini ploti nzima inatumia choo kimoja, na ufunguo wa choo hicho unalala kwa Waithaka. Swali halikujibiwa. Kesho yake tukaambiwa tunapiga kelele, na kwa kuwa swali halina mlango wa kung'olewa, sheria ikaangukia redio.

Mutie, keateka anayemwangalizia Waithaka ploti, akapita nyumba hadi nyumba na chupa ya rangi ya kucha ya mkewe. Kila redio ikatiwa nukta nyekundu pale pa kuzungushia sauti: huu ndio mwisho, usivuke. Tulipolalamika kwamba masikio ya Mutie ni makali kwa wengine na yana pamba kwa wengine, Waithaka akamwekea kwenye simu programu ya kupima kelele. Alituita uani akaiinua simu ile juu kama mchungaji anavyoinua Biblia.

"Sikio la binadamu lina ukabila," akasema. "Simu haina. Kuanzia leo, simu ikisema ni kelele, ni kelele. Ikisema ni kimya, hata mimi mwenye ploti siwezi kupinga."

Tukapiga makofi. Makofi yale yalipita kipimo, lakini hayo hakuna aliyeyapima.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka Jumapili ya ukumbusho wa Boaz, mume wa Kavetsa, aliyekuwa amemaliza mwaka kaburini.

Boaz alikuwa mwashi siku za kazi na besi siku ya Bwana. Aliimba kwenye kwaya yao kule Kibera tangu wakiishi upande wa Makina, kabla barabara haijapita juu ya nyumba yao na wao kuambiwa watulie, watafikiriwa. Walitulia. Bado wanafikiriwa. Walipohamia huku, Boaz akapata kazi ya kumjengea Waithaka nyumba ya mawe mbele ya ploti. Alipofika upande unaopakana na vyumba vyetu, akaambiwa mawe yameisha. Hayakuwa yameisha, sote tuliyaona.

"Huku weka mabati na ubao," Waithaka alimwambia. "Mpangaji ana siri gani?"

Ndiyo maana sebule ya Waithaka ina makochi ya ngozi, ina zulia, ina karatasi ya maua ukutani, na nyuma ya maua hayo ni mabati matupu, na nyuma ya mabati ni chumba cha Kavetsa.

Jumapili hiyo wanakwaya walikuja kutoka Kibera baada ya ibada. Walisali, wakala, wakanywa chai. Kisha ikafika ile sehemu ambayo Kavetsa alikuwa akiingoja mwaka mzima. Kwenye simu yake kulikuwa na wimbo mmoja waliorekodi na Boaz akiwa mzima. Wimbo huo hakuwahi kuupiga tangu mazishi. Alisema hawezi kuusikiliza peke yake. Aliichomeka simu kwa waya kwenye ile amplifaya kubwa ya fedha, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo Boaz aliinunua mtumba soko la Toi. Spika zake mbili zilikuwa sakafuni, zimeegemea mabati ya Waithaka, kwa kuwa chumba hakina kwingine.

Akazungusha sauti hadi kwenye nukta nyekundu. Akasimama hapo.

Soprano zikaingia vizuri, nyembamba. Alto zikaja. Tenori nao wakaja. Ubeti ukaisha, kiitikio kikaisha, watu wameinamisha vichwa, wanasikiliza kwa makini kama wanaotafuta sindano. Boaz hakuwepo.

Mama mmoja wa kwaya akanong'ona, "Lakini siku hiyo tulikuwa naye, ama?"

"Alikuwa nyuma," mwingine akajibu. "Si unajua warefu husimama nyuma. Na maiki ilikuwa moja."

Kavetsa akanyoosha mkono kwenye sauti. Akauangalia mlango. Mbao zile Boaz alizipigilia kwa mikono yake. Onyo la tatu, na zingelala kwa Waithaka leo hii. Akaurudisha mkono mapajani. Kuna wanawake waliolazimika kuchagua kati ya mume na mzazi, lakini kuchagua kati ya mume na mlango, hilo linatokea kwetu tu.

"Shemeji, mbona unamficha ndugu yangu?" Huyo alikuwa Shiundu, mdogo wake Boaz, anayetengeneza maboksi ya spika Makina, mtu asiyejua kunong'ona hata matangani.

"Sheria," Kavetsa akasema, akionyesha nukta.

Shiundu akaitazama nukta, akacheka. "Hii ni kucha ya nani? Haya, usivuke. Bonyeza hicho kitufe cha loudness."

"Wewe Shiundu unataka nilale nje? Hiyo si ndiyo ya kuongeza kelele?"

"Haiongezi kelele. Hiyo iliwekwa kwa watu kama nyinyi mnaosikiliza redio kama mnaiba. Sikio ni kama serikali, shemeji. Ukilipunguzia sauti, wa kwanza kusahauliwa ni wa chini. Besi inaenda kabisa, halafu hata zile za juu kabisa zinafifia kidogo. Hao wa katikati wanabaki wakijisikia tu. Sasa hiyo kitu inawarudisha waliosahauliwa. Bonyeza, kwani itakuuma?"

Akabonyeza. Nukta haikuguswa.

Boaz akaingia kupitia sakafuni. Hakuingia kwa masikio. Aliingia kwa miguu, akapanda kwenye magoti, vikombe vya chai vikaanza kutikisika kwenye sinia. Mama wa kwaya akasema, "Yuko."  Kavetsa aliweka kiganja juu ya boksi la spika kama mtu anayepima homa ya mtoto, na akakiacha hapo.

Upande wa pili wa mabati, Waithaka alikuwa amejilaza kwenye kochi baada ya ibada. Mutie alitusimulia baadaye. Mzee aliamka akashika kifua. Du, ikasema. Du. Du-du. Ana presha, na daktari alishamwonya kuhusu nyama. Akameza dawa. Moyo ukaendelea, na sasa ukawa unapiga kwa mpangilio, tena wa kupendeza. Akaanza kutubu dhambi zake, na Mutie anasema alikuwa amefika kwenye ile ya ufunguo wa choo wakati kiitikio kilipokwisha na moyo ukanyamaza kabisa. Waithaka akajigusa. Akajikuta hai. Hapo ndipo alipoacha kutubu akaita, "Mutie! Leta simu!"

Walifika mlangoni wote wawili. Mutie akaiinua simu. Chumba kizima kikaitazama. Kavetsa hakuzima wimbo. Naona hakuwa na nguvu za kuuondoa mkono kwenye spika.

"Inasema aje?" Waithaka akauliza.

"Iko kijani, mzee."

"Kijani nini! Isogeze kwa ukuta!"

Mutie akaisogeza. Akaikaribisha kwenye spika mpaka ikakaribia kuibusu. Simu ikabaki kijani. Kimaikrofoni chake kilitengenezewa maongezi ya watu, si ngurumo ya mwashi. Mabati yalikuwa yakitetemeka, sinia inacheza, na simu, kwa haki yake isiyo na ukabila, ikasema ni kimya.

"Hii simu ni kiziwi!" Waithaka akapaza sauti, na hapo ndipo ikawaka nyekundu.

"Saa hii imekuskia wewe, mzee," Mutie akasema kwa upole.

Shiundu aligeuka akatazama ukuta ili asionekane meno.

"Mama Mercyline," Waithaka akamgeukia Kavetsa, "zima hiyo kitu ya besi."

"Mzee, nukta iko pale pale. Simu ni kijani. Si ulisema hata wewe huwezi kupinga?"

"Nilisema kelele. Hii si kelele, hii... hii inanigonga ndani! Siskii wimbo, siskii maneno, naskia tu du, du, kama mtu anabisha na hataki kuingia."

"Huyo ni Boaz," Kavetsa akasema. "Ndiye alijenga huo ukuta wako. Nikizima, ananitoka."

 Waithaka akatazama mabati ambayo yeye mwenyewe aliagiza. Huwezi kumlaumu marehemu kwa ukuta wa mawe ambao wewe ulimkataza kuujenga.

"Sasa si afadhali uongeze sauti," akasema hatimaye, akijipangusa jasho, "uzime hiyo kitu, wimbo uje wote? Niskie angalau wanaimba nini!"

"Na mlango wangu?"

"Ongeza tu, mama!"

"Mutie asogeze nukta kwanza. Watu wakiona."

Mwaka mzima tulimwomba mtu huyu ruhusa ya kuongeza sauti, na sasa alikuwa akituomba yeye. Mutie akatumwa mbio kwa mkewe. Akarudi na chupa, akapiga magoti mbele ya amplifaya, akatia nukta mpya mbali na ile ya kwanza, na ile ya kwanza akaikwangua kwa kucha. Habari ilikuwa imeshafika uani. Majirani walikuwa wamejipanga, kila mmoja amebeba redio yake.

Waithaka akarudi kwake. Kavetsa akazima kile kitufe, akazungusha hadi nukta mpya, akaanzisha wimbo upya. Walikuja wote, soprano na waliokuwa katikati, na nyuma yao Boaz, mrefu, mahali pake. Wimbo ukaisha. Na kwa kuwa sauti sasa ilikuwa juu, tukasikia kitu ambacho nukta ya zamani isingeturuhusu kamwe. Wimbo ulipokwisha, yule mwenye kurekodi alichelewa kuzima. Mtu alikohoa. Kisha Boaz, bila kuimba, akauliza, "Nimewaharibia?"

Mwingine akamjibu kwenye rekodi, "Wewe hujaharibu kitu. Kwani nani alikuskia?" Wakacheka wote, Boaz akiwa wa kwanza.

Chumbani hakuna aliyecheka. Kavetsa aliinama juu ya simu, ushungi umemfunika uso.

Kutoka nyuma ya mabati, Waithaka akajibu bila kuulizwa: "Mimi nilimskia!"

Kavetsa akainua kichwa. Akafuta macho kwa ncha ya ushungi, akasogea karibu na ukuta mpaka pua yake ikagusa mabati.

"Kumbe huko unaskia kila kitu, mzee," akasema, bila kupaza sauti hata kidogo. "Basi, ule ufunguo wa choo."