Bomu Lililomrudisha Musyoki

Nyumbani kwa Ndulu, huko Shimba Hills wanakolima machungwa na mahindi, kila Agosti huchinjwa jogoo. Aliyeanzisha desturi hiyo ni baba yake, marehemu Musyoki, aliyepigana Burma akiwa askari wa Mwingereza. Habari zilipofika, Agosti ya 1945, kwamba Wajapani wamesalimu amri, Musyoki alikuwa kambini India pamoja na wenzake waliotolewa msituni kupumzishwa, na walikuwa wamekwisha kuambiwa wajiandae kurudi vitani. Badala yake alirudishwa kwao Kitui, akamkuta mkewe Mwelu angali akimngoja, na haukupita muda akazaliwa Ndulu. Pwani walihamia baadaye, Ndulu akiwa kigoli.

Musyoki hakuwa mtu wa kusimulia vita. Alichosema ni kwamba kulikuwa na bomu, na bomu hilo ndilo lililomlipia nauli ya kurudi. Basi Ndulu alikua akilijua bomu la atomiki kama mtu anavyomjua mkunga aliyemzalisha mama yake. Hakuwahi kuliwazia ubaya.

Mwaka huu jogoo alikuwa mnono, na mjukuu wake alikuwa nyumbani kwa likizo. Msichana huyo aliitwa Mwelu, jina la mama mzazi wa Ndulu, na kwa sababu hiyo bibi yake alimwita "mama" tangu akiwa mchanga, naye akimwita Susu, yaani bibi kwa lugha yao. Alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya wasichana upande wa Msambweni. Chakula kilipokaribia kwisha, akasema kwamba shule ikifunguliwa kutakuwa na mdahalo mbele ya wazazi, naye amepangwa upande wa kupinga.

"Kupinga nini, mama?" Ndulu akauliza.

"Kupinga kwamba ilikuwa haki kuyatumia yale mabomu ya atomiki kumaliza vita, Susu."

Ndulu akalirudisha paja la kuku kwenye sahani. Akamwambia mjukuu wake amwombe mwalimu ambadilishie upande. Mwelu akajibu kwa adabu kwamba kweli hakuuchagua upande huo, lakini tangu alipoanza kusoma habari za miji ile miwili iliyopigwa mabomu, hata angeambiwa abadilishe, asingekubali.

"Lisingeangushwa, baba yangu asingerudi," Ndulu alisema. "Mimi nisingezaliwa. Baba yako Masila nisingemzaa. Sasa wewe ungesimama wapi kulipinga?"

Mwelu aliviinua vyombo akaenda kuviosha. Kuanzia hapo hawakugombana, lakini maneno yalipungua kati yao. Ndulu alimmiminia chai kila asubuhi na kumwekea andazi kubwa zaidi, kisha akatoka kwenda kuangalia michungwa yake. Likizo ikaisha hivyo.

Siku ya mdahalo Masila alipotaka kuondoka, alimkuta mama yake amekwisha kuvaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya, amesimama mlangoni. Hakuna aliyemtarajia. Alisema tu kwamba anataka kusikia kwa masikio yake.

Ukumbi ulijaa, wazazi wa Munje, wa Gazi na wa Diani wakiwa wamebanana kwenye viti vya plastiki. Mwalimu Alfani, mwenyekiti wa mdahalo, akampa Ndulu kiti cha mbele. Wa kwanza kusema alikuwa msichana mrefu aliyeitwa Biasha, wa upande wa kuunga mkono. Alieleza kwamba vita vilikuwa vimekwisha kula mamilioni ya watu, kwamba kuivamia Japani kwa miguu kungeua wengine wasiohesabika, wa pande zote mbili, na kwamba mtawala anayeweza kufupisha mauaji akaacha kufanya hivyo naye ana damu mikononi. Ndulu alitikisa kichwa kuafiki. Alitamani kumkumbatia.

Mwelu akafuata. Alisema wengi wa walioungua hawakuwa jeshini. Walikuwa watu waliokuwa wakielekea kazini na shuleni. Alisema wapo wanahistoria wanaoamini kwamba Japani ilikuwa karibu kusalimu amri hata bila bomu, na wapo wanaokana, lakini kama hatuna hakika, basi hakika pekee tuliyo nayo ni ya maiti. Ndulu aliona kwamba mjukuu wake amelelewa vizuri, na kwamba hata hivyo amekosea.

Mwalimu Alfani alipouliza kama kuna mzazi mwenye la kuchangia, Ndulu akainuka. Masila alimgusa mkono, lakini mama yake hakuketi. Akawasalimu wote, akawaambia yeye ni nani, na baba yake alikuwa nani. Akasema mama yake alikaa akimngoja mume kwa miaka asijue kama ni mke au mjane, na kila mwanamume aliyetokea njiani na kofia ya kijeshi alimfanya aache jembe. Kisha siku moja aliyetokea alikuwa ndiye.

"Mimi ni tunda la siku hiyo," alisema. "Na huyu anayepinga ni mjukuu wangu. Nimekuja kumwambia mbele yenu kwamba ninampenda, na kwamba hapa hatukubaliani."

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi kwa muda mrefu. Biasha naye alipiga makofi. Mwelu alikuwa ameinamisha kichwa, na Ndulu, akirudi kitini, aliingiwa na hofu kwamba amemvunja mtoto moyo.

Zamu ya kujibu ilipofika, Mwelu aliiacha karatasi yake mezani.

"Susu yangu amesema kweli tupu," alianza. "Ninafurahi kwamba babu alirudi, na nitafurahi maisha yangu yote. Lakini furaha yangu si ushahidi. Huko Hiroshima pia kulikuwa na mwanamke aliyemngoja mumewe. Yule mume naye alikuwa msituni, huenda ni msitu uleule wa babu, na vita vilipokwisha naye akarudi. Babu alimkuta mkewe. Yule alikuta majivu. Nikisema bomu lilikuwa haki kwa sababu mimi nimezaliwa, nitamwambia nini mjukuu wake ambaye hakuzaliwa?"

Ndulu alimwona mama yake, Mwelu wa kwanza, ameshika jembe na kutazama njia. Kisha, bila kutaka, akamwona yule mwingine, ambaye hakumjua jina wala sura, akitazama njia vilevile. Katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba huko nako kulikuwa na wake waliongoja. Akatoa leso akajifuta macho, na alipomaliza alijikuta amekaa wima, kifua kimemjaa fahari.

Kura zilipopigwa kwa kunyoosha mikono, upande wa Mwelu ulishinda. Ndulu hakunyoosha mkono popote.

Nje, wapishi wa shule walikuwa wamepakua pilau. Biasha alikuja na sinia, akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, bibi," Ndulu akamwitikia marahaba, akamvuta aketi upande wake mmoja. Mwelu akaja polepole akasimama mbele yao.

"Umekasirika, Susu?"

"Keti ule, mama," Ndulu alisema, akimsogezea nyama. "Lile bomu la kwanza bado sijui. Namwachia Mungu, yeye ndiye aliyewaona wale wake wawili wakitazama njia. Lakini la pili silitetei. Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu la kwanza. Hata mtu mwenye masikio mazuri huhitaji muda wa kusikia."

Biasha akasema, akitafuna, kwamba hata hilo la pili lina hoja zake. Mwelu akamgeukia, Ndulu akamkatiza, na wote watatu wakaanza upya, mikono ikienda kwenye sinia na kurudi, kila mmoja akimsikiliza mwenzake nusu na kumjibu nusu. Masila alikuja mara mbili kuwakumbusha kwamba safari ni ndefu. Mara ya pili mama yake alimwonyesha nafasi iliyobaki kwenye benchi, akamwambia naye aseme yuko upande gani.