Kadi Zilizoshusha Kope

Jumanne, saa tano asubuhi, Muhayyo alikuwa amekwisha kupiga chapa kadi mia tatu, na kope yake ya kulia ilikuwa imeshashuka. Hiyo ilikuwa kawaida. Ya kushoto hufuata mnamo saa saba, kisha shingo, kisha mikono, na ikifika saa tisa hata kutafuna mkate humlazimu alisaidie taya kwa kiganja, kama bado kuna mkono unaoinuka. Kesho yake huamka mzima, akafagia ua na njia iliyo mbele ya lango kabla jua halijachomoza, kama inavyompasa mke wa mwana wa nyumba. Majirani wakimwona na ufagio huulizana, mbona huyu haumwi?

Alifanya kazi kwa Ergash, mchapaji wa kadi za harusi katika mji wa Oqbuloq, Bonde la Fergana. Wiki hiyo kulikuwa na harusi iliyovunjika, na kadi mia tano zenye maua ya dhahabu pembeni zikakosa wenyewe. Ergash akampa. Mahali pa majina ya maharusi Muhayyo aliandika habari za ugonjwa wake. Aliwajua watu wa mji wake: karatasi ya hospitali hufungiwa mbegu za alizeti sokoni, lakini kadi ya harusi hakuna anayeiweka chini kabla hajafika mwisho, ambako ndiko huandikwa siku na saa ya pilau.

Ugonjwa wenyewe unaitwa miasthenia. Ubongo hutuma amri, misuli haiipokei sawasawa, na kadiri unavyokitumia kiungo ndivyo kinavyokugomea. Muhayyo alichukua miaka saba kulipata jina hilo. Kabla ya hapo aliambiwa ni mawazo, ni kijicho, ni mume aliyeko Urusi, ni uvivu. Na hilo la uvivu aliambiwa na watu ambao hata kumpima hawakumpima. Vidonge vyake havikuwa vya ajabu, ila hapakuwa na duka la dawa Oqbuloq lililoviweka, kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja. Kama kamati ya orodha ya dawa ingeviingiza katika orodha, hospitali ya mji ingelazimika kuviagiza. Kamati ingekaa baada ya siku kumi na tatu. Muhayyo alikuwa na vidonge arobaini, na kwa siku alitakiwa kumeza vinne. Akaanza kumeza vitatu.

Ergash aliisoma kadi ya kwanza ili kukagua herufi. Alipoumaliza mstari wa mwisho kope zake zikashuka zote mbili, kidevu kikalala kifuani, na birika alilokuwa amelishika likarudi mezani polepole kwa kuwa mkono haukuliweza tena. Alikaa hivyo saa nzima. Saa ilipotimia akainua kichwa, akajimiminia chai ya kijani, akasema mstari wa nne una herufi iliyoruka. Muhayyo akairekebisha kwa kalamu katika kadi zote, kazi iliyomla mkono wa kulia siku mbili.

Ikawa hivyo kwa kila msomaji. Aliyeishia katikati hakupatwa na kitu. Aliyefika mwisho aliugua ugonjwa wa Muhayyo kwa dakika sitini, bila kuzidi wala kupungua, kisha akaendelea na shughuli zake. Muhayyo alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu aolewe. Miaka yote alikuwa akijitahidi kueleza, na maneno yalikuwa yakimwishia mdomoni sawa na pumzi. Sasa hakuhitaji kueleza.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mama mkwe wake, Bi Robiya, kuwakaribisha wenzake kumi na mmoja ambao hula pamoja kila mwezi, nyumba hadi nyumba. Muhayyo aligawa kadi kabla ya pilau. Wanawake walisoma hadi mwisho wakiitafuta tarehe, na wote kumi na wawili wakainama mezani. Kwa kuwa mke wa mwana ndiye mhudumu, Muhayyo alizunguka akiwalisha mmoja mmoja, saa nane mchana, kwa mikono ambayo yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kukataa. Mmoja alipaliwa na wali, Muhayyo akampiga mgongoni. Pilau ilipoa, na yeye hakuionja.

Saa ilipotimia walianza kusimuliana kama wasimulianavyo uzazi. Mmoja alisema yake ilianzia shingoni. Mwingine akasema shingo si kitu, yeye pumzi ndiyo iliyomgomea, na wa tatu akadai aliona kila sahani mara mbili. Bi Robiya alimwita Muhayyo akae karibu yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi.

"Sasa nimekujua, mwanangu," alimwambia. "Nilikuwa nakusengenya, tena kwa watu hawa hawa. Ni kitu kizito, wallahi."

Muhayyo alihisi machozi yakimjia.

"Lakini mimi nina miaka sitini na tisa, na nimeinuka," Bi Robiya aliendelea kwa upole. "Wewe una thelathini na nne. Jikaze kidogo tu, mama. Haya, vyombo hivyo."

Muhayyo aliviosha. Alikuwa na hasira ya kuvunja sahani, lakini hata kuvunja sahani kunataka nguvu. Kabla ya hapo watu hawakumwamini. Sasa walimwamini wote, na kila aliyemwamini alikuwa amepona kwa saa moja, na akamtazama kama mtu aliyekataa kupona.

Kadi zikatembea mji mzima. Walimu waliwakuta wanafunzi wakizisoma kabla ya kipindi cha mazoezi. Fundi mmoja wa viatu alisoma yake kila mchana ili asimsikilize shemeji yake. Kisha zikaingia katika harusi. Asubuhi baada ya harusi bibi arusi husimama uani amejifunika shela, akainama mbele ya kila mgeni, na macho yake hutakiwa yawe chini. Wakwe huyachunguza macho hayo kuliko wanavyouchunguza mkate anaouoka. Shangazi mmoja akagundua kwamba bibi arusi aliyesomeshwa kadi dakika chache kabla hushusha kope vizuri sana, na shingo yake huinama yenyewe. Wageni wakasifu malezi. Wiki iliyofuata mabibi arusi wanne walisomeshwa. Mmoja alianguka, na hilo nalo likahesabiwa kuwa haya.

Muhayyo alimkuta Ergash akichapa elfu moja nyingine, zenye njiwa wawili kila pembe. Alimwambia aache. Alimwambia ule ni ugonjwa wake, si kipodozi, na alisema kwa sauti kubwa kadiri sauti ilivyomruhusu.

"Dada, watu wanasoma," Ergash alijibu, naye kweli hakuelewa kosa lake. "Si ulitaka wasome?"

Muhayyo alichukua kadi tano akaziweka ndani ya mkoba kwa ajili ya kamati.

Kamati ilikaa Jumatatu. Muhayyo aliambiwa afike saa tatu asubuhi, saa yake nzuri, akafika saa mbili na nusu. Aliitwa saa nane mchana. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vinne. Akameza viwili kwa mpigo na kuingia akiwa ameshika ukuta. Mezani walikuwa watu watano, na mwenyekiti, Bwana Qudratov, alikuwa mtu mnene mwenye adabu aliyemsogezea kiti mwenyewe. Sauti ya Muhayyo ilikuwa tayari inatokea puani, kwa hiyo hakuipoteza.

"Someni kwanza," alisema. "Hadi mwisho."

Walisoma. Vichwa vitano vikainama. Katibu alikuwa amebakisha neno nusu katika daftari, na kalamu ikamtoka. Mwenyekiti alikuwa na chai mdomoni isiyokwenda mbele wala nyuma. Ikamchuruzika kidevuni hadi kwenye tai. Muhayyo alisimama, akamfuta kwa leso yake, na alipomwinua kichwa aliona macho yake. Mtu yule alikuwa anaogopa. Aliogopa kama Muhayyo anavyoogopa kila anapolala chali.

"Dada," mwenyekiti alinong'ona. "Hii itakwisha?"

"Yako itakwisha, kaka."

Alirudi kitini akangoja. Alifurahi kumwona na hofu, na hakuona haya kwa furaha hiyo. Alijua kwamba hakuna mwanadamu aliyepita humo ambaye angeweza kuandika hapana. Kungoja kulimgharimu shingo, kisha mikono yote miwili, kisha ulimi, lakini alijiambia ulimi hauhitajiki tena.

Saa tisa na dakika kumi kamati iliinua vichwa. Waliagiza chai nyingine. Mwenyekiti alikohoa, akanyoosha tai, akamtazama Muhayyo kwa huruma ya kweli, kisha akaanza kumsomea katibu maneno ya kuandika. Kamati imeuchunguza ugonjwa huu kwa miili yake yenyewe, jambo ambalo haijawahi kulifanya kwa ugonjwa wowote. Ugonjwa ni mkali. Hudumu saa moja. Huondoka wenyewe, bila dawa, kwa wagonjwa watano kati ya watano. Orodha ibaki ilivyo.

Muhayyo alifungua mdomo. Ilitoka sauti, lakini haikuwa neno.

Katibu akamletea karatasi atie saini kwamba amesikilizwa. Kalamu iliwekwa katikati ya vidole vyake ikaanguka. Ikaokotwa, ikaanguka tena. Mwanamke mmoja wa kamati akasema wasimharakishe, kwani wote wameona jinsi ilivyo.

"Tumngojee," mwenyekiti alisema. "Ni saa moja tu."

Walimngojea kwa uungwana. Walikunywa chai, wakazungumzia bei ya pamba na mvua, wakimtupia jicho mara kwa mara. Saa ikapita. Muhayyo alikuwa ameegemeza kichwa mezani, akiwasikia wote vizuri, akielewa kila neno. Wakamwongezea robo saa kwa hisani. Ofisi zilipokaribia kufungwa katibu aliandika chini ya karatasi kwamba mgonjwa alipewa muda wa kutosha, naye akakataa kutia saini.

Ngazi zilikuwa nyingi. Mwenyekiti hakumwachia mlinzi. Alimteremsha mwenyewe, mkono mmoja chini ya kwapa, mwingine nyuma ya shingo ili kichwa kisianguke, akisimama kila baada ya ngazi tatu bila kuombwa. Alimshika vizuri kuliko daktari yeyote aliyewahi kumshika, kwa sababu sasa alikuwa anaujua ugonjwa ule.